Mrithi wa Kikumbusho

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina, ila wenyeji wake hawaruhusiwi kulitaja wakiwa wamekaa, na mimi hapa nimekaa. Mtaniwia radhi. Ni nchi nzuri, ina amani, na kila kona pana bango la kuieleza amani hiyo kwa wasioiona. Raia wake ni watiifu mno. Nasikia hata majogoo wa huko husubiri taarifa ya habari ndipo wawike. Atakayedhani nasema nchi yake, shauri yake.

Mtawala wa huko aliitwa Mtukufu, na serikali ya Mtukufu iliendeshwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa Kikumbusho cha Taifa, kikompyuta cha kiganjani cha siku nyingi, rangi ya majivu, kinachoandikiwa kwa kalamu ya plastiki isiyo na wino. Humo ndimo zilimowekwa shughuli zote za dola: siku ya kufungua shule, siku ya kupanda mahindi, siku ya uchaguzi, siku ya kumtoa mfungwa. Kikumbusho kikilia, jambo linatendeka. Kisipolia, jambo halijafika, hata kama mvua imeanza na mahindi ya nchi jirani yamefika magotini.

Cha pili kilikuwa Simu ya Taifa, simu ya mkononi iliyofutika namba zote isipokuwa sifuri. Mlio wake ulirushwa na redio moja kwa moja, na ulipolia, nchi nzima iliinuka na kusimama kwa heshima mpaka Mtukufu aseme "haloo". Kila kifaa kilikuwa na wizara yake, jengo lake, na mto wake wa mahameli wa kubebewa.

Mtu wetu, Yakobo Lusewa, alifanya kazi Wizara ya Vikumbusho, na cheo chake kilikuwa Mshika Kalamu. Mtukufu hakuandika mwenyewe kwa sababu vidole vyake vilitengwa kwa kazi ya kupungia umati. Yeye alisema, Yakobo akaandika. Ilikuwa kazi ya heshima na Yakobo aliipenda, nami simlaumu, maana alikuwa hajajua kalamu ile ingekuja kumwandikisha nini.

*

Mdogo wake, Tadei, alikuwa kinyozi. Asubuhi moja alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa pale Simu ya Taifa ilipolia redioni. Mteja akainuka na kitambaa chake shingoni. Waliokuwa kwenye benchi wakainuka. Tadei hakuinuka, kwa sababu alikuwa amesimama tangu alipofungua duka. Kinyozi hanyoi akiwa amekaa. Lakini kwenye benchi alikuwapo askari kanzu aliyekuja kuchongwa ndevu, na askari kanzu aliona kwa macho yake mawili kwamba watu wote wameinuka isipokuwa mmoja.

Mahakamani Tadei akasomewa shtaka la kusimama bila kuinuka.

"Mshtakiwa," hakimu akauliza, "simu ilipolia ulikuwa umesimama?"

"Nilikuwa nimesimama, mheshimiwa."

"Kwa heshima ya nani?"

"Ya kichwa cha mteja, mheshimiwa. Nilikuwa namnyoa."

"Amekiri," hakimu akasema, akavua miwani ili hukumu isikike vizuri. "Anayetaka kusimama kwa heshima ni sharti akae kwanza, ndipo aonekane akiinuka. Mshtakiwa alipaswa kukaa, kisha asimame. Hakufanya hivyo. Atakaa gerezani mpaka Kikumbusho kitakapolia."

Tarehe ikatajwa mbele ya wote, mama yao, Bi Anjelina, akiwa mstari wa mbele na kitenge kimemfunika mdomo. Aliyeiingiza tarehe hiyo kwenye Kikumbusho alikuwa Yakobo, maana kalamu ilikuwa yake. Herufi zilimpinda, kioo kikazikataa, na Mtukufu akamwonya aandike vizuri asije akamfunga mtu mwingine.

Tangu siku hiyo, kila Yakobo aliporudi nyumbani, mama yake alimpokea kwa neno moja.

"Kimelia?"

"Bado, mama."

Basi mama huchukua kitambaa, akapangusa kigoda cha Tadei, akakirudisha pembeni ya mlango ambapo hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Na msiniulize kwa nini familia haikuhesabu siku yenyewe. Sheria ilikataza raia kukumbuka kwa kichwa jambo lililokwisha kukabidhiwa Kikumbusho, kwa kuwa nchi moja haiwezi kuwa na kumbukumbu mbili. Mwalimu mmoja aliyekumbuka siku ya uchaguzi alipelekwa kutibiwa, akarudi akiwa hakumbuki hata alikuwa anaumwa nini.

*

Hayawi hayawi huwa, Kikumbusho kikazeeka. Kioo kikafifia. Betri ikawa inashiba dakika na kufa njaa dakika. Chaja yake ilifungwa waya, na ili umeme upite ilibidi Yakobo aibane kwa kidole gumba asubuhi nzima, akiwa amejikunja sakafuni. Siku moja, katikati ya mavuno, kikalia chenyewe na kuamuru watu wapande. Watu wakafukia mahindi waliyokuwa wameyavuna, magazeti yakasifu.

Yakobo alijua jambo moja lililomnyima usingizi: betri ya kikompyuta kile ikizimika kabisa, kila kilichomo kinafutika, na siku ya Tadei nayo. Akaenda kwa waziri wake, Dokta Mwaluseke. Huyu udaktari wake ulikuwa wa heshima, na aliyemtunuku alikuwa mkuu wa chuo, yaani yeye mwenyewe.

"Mheshimiwa, Kikumbusho kimezeeka. Kinaweza kufa wakati wowote."

"Lusewa, kifaa cha Mtukufu hakizeeki. Kinakomaa."

"Basi kimekomaa sana, mheshimiwa. Tukipata kingine mapema, tunahamisha yaliyomo, tunakipumzisha hiki."

Waziri alimtazama kwa huruma, akamrudisha kwenye chaja yake. Ila bahati Mtukufu naye alichoka, si kwa sababu ya betri, bali kwa sababu ya mifuko. Vifaa viwili vilimvuta koti pande mbili, na kwenye sanamu mpya alichongwa akiwa ameinama. Akatoa agizo: kitafutwe kifaa kimoja, kipya, kinachokumbusha na kupiga simu humo humo.

Agizo lilipigiwa makofi, na waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa mawaziri wawili, kila mmoja akitokwa jasho. Kifaa kimoja maana yake wizara moja.

*

Ikaundwa Kamati ya Mrithi wa Kikumbusho. Dokta Mwaluseke akataka kifaa kipya kiwe cha kisasa kabisa, mradi tu kisiweze kupiga simu. Waziri wa Miito, yaani mwenye Simu ya Taifa, Bi Asteria Ng'umbi, akaunga mkono usasa huo, mradi tu kisiweze kukumbuka kitu. Katibu wa kamati, mtu msikivu, akaandika sifa zote mbili, akazitafakari, kisha akapendekeza tofali.

Tofali lilijadiliwa kwa heshima linayostahili. Lilikosa kura kwa sababu lilikuwa la kuchoma na Mtukufu hupenda mambo mabichi.

Likaja suala la tarehe. Mjumbe mmoja alisikia kuwa vifaa vya siku hizi vinajua tarehe vyenyewe, bila kuambiwa na mtu.

"Vinaambiwa na nani?" Bi Ng'umbi akashtuka.

"Na mtandao, mheshimiwa."

"Huo mtandao una kadi ya chama?"

Ikaamuliwa kifaa kitakachochaguliwa kisijue leo ni lini mpaka Mtukufu aridhie. Yakobo, aliyekuwa amejikunja kwenye soketi ya ukutani akibana waya, akanyoosha mkono ulio huru.

"Waheshimiwa, naomba tuharakishe. Betri imebaki kidogo sana."

"Haraka haraka haina baraka," wakasema wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza kamati ikawa na umoja.

Hatimaye akaitwa Mama Swalha, mwuza simu wa sokoni, mwanamke mwenye maneno yake na miwani ya jua aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Alileta simu nzuri ya kisasa ndani ya boksi dogo. Kamati haikuifungua, kwa sababu hakuna jicho linaloruhusiwa kuona kitu cha Mtukufu kabla ya jicho la Mtukufu. Ikaangalia boksi.

"Mama, hiki ni cha kumpa Mkuu wa Nchi au cha kuwekea hereni?" Dokta Mwaluseke akauliza.

Mama Swalha akaenda, akarudi na boksi la wastani, likakataliwa kwa kukosa haiba. Akaenda tena, akarudi na boksi kubwa kuliko yote dukani kwake, limejazwa magazeti na pamba.

"Waheshimiwa wangu, hili nimelileta kwa kuwa mmelazimisha. Lakini msije mkasema Mama Swalha mwizi. Simu iliyomo ilirudishwa na mteja, ilitumbukia kwenye ndoo ya…"

"Shh! Mama, usitutajie yaliyomo. Hiyo ni siri ya dola."

"Haya. Ya kwenu hayo, mimi simo."

Boksi likapita bila kupingwa. Yakobo akaomba walifungue pale pale ili ahamishe yaliyomo kwenye Kikumbusho. Wakamweleza kuwa kwanza ni lazima litanguliwe na hotuba.

Hotuba ilitolewa na Dokta Mwaluseke, juu ya umuhimu wa kufanya mambo kwa wakati. Ili isikike mji mzima vikawashwa vipaza sauti vya uwanjani, umeme wote ukaelekezwa huko, na soketi ya Yakobo ikapoa. Alikipakata Kikumbusho. Kilitoa mlio mmoja mwembamba. Waziri akakatiza sentensi, akauliza kinaamuru nini.

"Kinaomba umeme, mheshimiwa."

"Kimeomba. Ombi limepokelewa," akasema, akaendelea. Kioo kikawa cheusi kabla hotuba haijamaliza utangulizi. Yakobo alibonyeza, akapuliza, akakisugua kwenye shati kifuani kwake, akalia mbele za watu, na watu wakadhani ameguswa na hotuba.

*

Kesho yake serikali ikatangaza habari njema: taifa halina shughuli yoyote inayosubiri. Uchaguzi haumo. Madeni hayamo. Ahadi ya barabara haimo. Tumekuwa taifa safi, alisema Dokta Mwaluseke, na bendera zikapandishwa.

Yakobo akamfuata ofisini. "Na wafungwa waliokuwa watoke, mheshimiwa?"

"Watoke lini?"

"Ilikuwa imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Waziri akafungua mikono kama padri. "Unaona, Lusewa? Mtu ambaye hakumbukwi na taifa hawezi kutolewa. Tutamtoaje?"

"Mimi namkumbuka."

Kalamu ya karani aliyeandika kila neno pembeni ilisimama. Yakobo akaliona hilo.

"Nilitaka kusema, mheshimiwa, namkumbuka Mtukufu. Katika sala zangu."

"Amina," akasema waziri, na karani akaendelea kuandika.

Jioni hiyo mama aliuliza kama kawaida yake. Yakobo aliangalia kigoda, akaangalia mlango, akajibu, "Bado, mama." Hakuwa amewahi kumdanganya mama yake tangu utoto.

*

Boksi lilifunguliwa kwa mizinga. Zikatoka pamba, magazeti, na mwishowe simu yenyewe, nyembamba, inang'aa, isiyohitaji kalamu. Inaguswa kwa kidole tu. Hivyo Yakobo akapoteza cheo chake pale pale, na kwa kuwa serikali ile haikufukuza mtu inayeweza kumbebesha kitu, akafanywa Mshika Mto.

Bi Ng'umbi akapiga simu ya majaribio. Nchi nzima ilikaa kwenye viti, tayari kuinuka. Redioni pakawa kimya. Juu ya mto wa mahameli, simu ilitetemeka tu, ikajisogeza pembeni, ikatulia. Ndoo ya yule mteja ilikuwa imeua spika yake, hailii wala haitalia.

Mawaziri walitazamana. Wa kwanza kupona alikuwa Dokta Mwaluseke.

"Imetetemeka mbele ya Mtukufu!" akapaza sauti. "Ina adabu kuliko sisi sote!"

Makofi yakalipuka. Mawaziri wote wawili walifurahi kweli, kwani mlio wa Kikumbusho haukushinda na mlio wa Simu haukushinda, kwa hiyo hakuna wizara iliyokufa. Likabaki tatizo dogo: wananchi watajuaje saa ya kuinuka? Baraza lilikaa, na kwa mara ya mwisho nasema lilikaa, likaamua kuwa kwa vile simu inaweza kutetemeka wakati wowote, watu wote wasimame wakati wote, tangu wanapoamka hadi wanapolala. Mshika Mto atakayeuhisi mtetemo atapaza sauti "Inaita!", na watu watakaza shingo. Viti vikakusanywa, vikafungiwa ghalani.

Watu wakasimama. Wanafunzi walifanya mitihani wamesimama. Wagonjwa walitibiwa wamesimama. Bibi harusi alisimama mpaka wageni wakamsahau. Mtukufu mwanzoni alikaa peke yake, lakini ikaonekana kwamba akikaa, vichwa vya wengine vinakuwa juu ya kichwa chake, na hilo lilikuwa uhaini. Ama afunge taifa zima, ama asimame. Akasimama. Baada ya muda miguu yake ikavimba, na miguu ya mawaziri, kwa unyenyekevu, ikavimba zaidi.

Likatolewa tangazo: anatafutwa mtu anayejua kusimama kutwa bila kuvimba. Mkuu wa gereza, Afande Chogoro, akaripoti kuwa anaye mmoja, tena alifungwa kwa sababu hiyo hiyo.

*

Tadei aliletwa ukumbi mkuu akiwa na pingu, amekonda, ndevu zake mwenyewe zimemshinda. Agizo lilikuwa wazi: afundishe, kisha arudishwe. Somo lingerushwa redioni ili nchi nzima ifuate. Yakobo alikuwa pale, kando ya Mtukufu, mikononi ana mto na simu. Wakaonana. Hakuna aliyethubutu kusalimia, lakini Tadei alikunja uso kidogo kumtania kaka yake, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo wakizuiwa kucheka kanisani, na Yakobo akauma shavu kwa ndani.

"Haya, fundi," akasema Mtukufu, akiegemea ukuta. "Siri ya kusimama ni nini?"

"Mtukufu, mimi kwa akili yangu sikuijua. Nilifundishwa na mahakama yako," Tadei akajibu taratibu. "Anayetaka kusimama kwa heshima ni sharti akae kwanza."

Hukumu ya mahakama ya Mtukufu ilikuwa neno la Mtukufu, na nani angeipinga? Bi Ng'umbi alikuwa wa kwanza kuguna, "Ni kweli, sheria ni sheria." Viti vikaletwa mbio kutoka ghalani. Wakakaa mawaziri, wakakaa majaji, akakaa Mtukufu juu ya kiti kirefu kuliko vyote, na mguno uliotoka vifuani mwao redio iliupeleka mpaka mipakani.

"Mnifungue pingu, niwaonyeshe mikono inavyowekwa," Tadei akasema, na Afande Chogoro akamfungua, akakimbilia kiti.

"Sasa vueni viatu. Fumbeni macho. Asiinuke mtu, hapa wala mjini, mpaka niwaambie."

Nchi nzima ikafumba macho. Na ndipo Yakobo, aliyesimama peke yake na mto wake, alipohisi simu inatetemeka.

Ilitetemeka kwa nguvu, ikapita kwenye mahameli mpaka viganjani. Kazi yake ilikuwa neno moja. Angelisema, wote wangeinuka, somo lingeisha, na Tadei angerudi kwenye siku isiyoandikwa popote. Asingelisema, huo ulikuwa uhaini, na haikuwa na maana kumwomba mtu ushauri. Aliogopa, nisiwafiche.

"Lusewa," Mtukufu akauliza kwa sauti ya usingizi, macho amefumba, vidole vya miguu vikijinyoosha. "Mto umetulia?"

"Umetulia, Mtukufu. Pumzika."

Akauweka sakafuni juu ya zulia, polepole, simu ikiwa bado inahangaika. Akamshika mdogo wake mkono. Walipita katikati ya mawaziri wanaokoroma, wakapita mlangoni ambapo walinzi walikuwa wamekaa kwenye ngazi na buti zao ubavuni, wakapita barabara kuu yote, na huko kila mtu alikuwa amekaa: juu ya ndoo, juu ya tairi, juu ya ukingo wa mtaro, macho yamefumba na nyuso zimelegea. Sijawahi kusikia nchi iliyotulia namna ile.

Bi Anjelina alikuwa kwenye mkeka, redio pembeni yake. Aliposikia hatua za watu wawili alifumbua jicho moja, kisha la pili.

"Kimelia?" akauliza.

"Hakijalia, mama," Yakobo akasema. "Wala hakitalia. Kilikufa, nikakudanganya."

Mama alimtazama Tadei tangu ndevu hadi miguu. Akavuta kigoda kutoka pembeni ya mlango, akakipangusa kwa kiganja.

"Najua hakijalia," akasema. "Siku yenyewe ilikuwa Jumanne iliyopita. Kaa, mwanangu, ule."